Siku Niliyomzika Hedimasta Akiwa Kwa Daktari wa Meno

Nacheka sasa kwa sababu nimechoka kulia, lakini mpaka leo nikipita kwenye kibanda cha Mama Nekesa, jirani wa shule yetu hapa Njiru, nageuza uso najifanya nasoma simu.

Siku hiyo hedimasta alikuwa aje kunikagua, nikifundisha vizuri nipewe kazi ya kudumu, nikiharibu nirudi kwa mamangu, mtaa wa Lucky Summer, nikaoshe vyombo na digrii yangu. Mwalimu mwenye akili angefundisha sarufi tu, watoto waitikie, kila mtu aende nyumbani. Lakini mimi msomi bwana! Nikasema Kiingereza hufundishwa kwa fasihi, na fasihi haisomwi, inaigizwa (maneno ya chuo hayo, sijui kwa nini sikuyaacha hukohuko). Nikachagua hadithi ya mzee anayekufa, nikamlaza mwanafunzi wangu Brayo juu ya madawati mawili, nikamfunika leso, nikaliambia darasa lijaribu kabla hedimasta hajafika, "Ombolezeni! Nataka nisikie uchungu!"

Weuh! Nilisahau kwamba wengi wao wazazi wao wametoka mkoa wa Magharibi, kama mimi mwenyewe, na matanga tumeyajua kabla ya kusoma. Nduru zikapigwa, mmoja akajitupa chini, mwingine akazunguka madawati akimuuliza marehemu amemwachia nani. Madarasa yetu ni ya mabati na yamegusana na ploti ya Mama Nekesa, ambaye asubuhi alikuwa amemwona hedimasta akipelekwa hospitali, shavu limefura. Lilikuwa jino tu, lakini nani alimuuliza? Akajumlisha mwenyewe.

Mara mlango ukajaa akina mama waliojifunga leso, wanalia kuliko darasa langu.

"Uuuwi! Hedimasta wetu! Mwalimu, amekufa saa ngapi?"

Nikapiga kelele kwamba ni mchezo wa darasani, lakini nani anasikia? Watoto nao, kusikia hedimasta amekufa, wakaanza kulia kikweli. Viti vikatolewa nje, wimbo ukaanzishwa, na Brayo, maskini, akaketi na leso yake kichwani kuuliza kuna nini. Mama mmoja akazirai.

Hapo ndipo marehemu mwenyewe alipoingia getini, pamba mdomoni. Wimbo ukafa. Akavitazama viti, akamtazama mama anayepepewa, kisha akanitazama mimi. Nikamweleza yote: fasihi, uigizaji, Kiingereza. Akatoa pamba polepole.

"Madam," akasema, "wamelia vizuri sana. Sasa hicho Kiingereza kiko wapi?"

Tangu nduru ya kwanza hakuna mtoto aliyekuwa ametamka hata neno moja la Kiingereza, na mimi pia sikuwa nimetamka.

Kazi ya kudumu? Nilipewa muhula mwingine wa majaribio, na nikashukuru. Fasihi bado nafundisha, ila nimeapa, hadithi ikiwa na msiba tunaisoma kimya na marehemu anabaki kitabuni. Si kwamba inanisaidia. Kila nikiingia darasani Mama Nekesa huniita dirishani, mbele ya wanafunzi wote:

"Mwalimu, leo mnazika nani? Nijue kama nifunge kibanda."