Nimejitambulisha kwa Kihispania, shangazi akanisahihisha

Jamani, leo nimeumbuliwa kwa lugha ambayo shangazi yangu hata haijui.

Wiki ya tatu sasa najifunza Kihispania kwenye simu, huku tunakaanga samaki na shangazi hapa sokoni Bagamoyo. Nimeanza na jina na kazi.

Asubuhi wakaja watalii kutoka Hispania. Bibi mmoja akasimama mbele ya karai langu. Nikafuta mikono, nikasema, "Me llamo Mwanahawa. Soy maestra."

Ndiyo, mimi ni mwalimu. Cheti ninacho, mwaka wa sita huu kimelala kabatini. Ajira hakuna.

Bibi wa watu uso ukamng'aa! Kumbe naye alikuwa mwalimu. Akanishika mikono yote miwili, na mafuta yake. Akauliza nafundisha darasa la ngapi. Mwongoza watalii akatafsiri.

Sijafungua mdomo, shangazi akadakia: "Mwambie huyu ni mkaanga samaki tu. Asimdanganye mgeni wa watu."

Na yule mwongoza watalii naye akatafsiri. Yote!

Bibi akaniachia mikono. Taratibu. Akanunua vibua viwili, akaenda zake.

Nikamgeukia shangazi. Anageuza samaki wake, hata haniangalii.

"Shamba langu la mananasi Kiwangwa liliondoka kwa huo ualimu wako."

Kweli aliliuza ili nisome.

Haya, semeni nyie, nilidanganya?

Simu imenikumbusha sasa hivi: somo la leo ni kuitambulisha familia yako.

Nimeizima.