Raba za Saumu

Mpira mpya una harufu yake, na mimi naijua hata nikifumba macho. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu dukani, pale Chanika, akachague viatu vya kuchezea. Kijana muuzaji akafungua boksi, harufu ikanijaa puani, na kabla sijaona hata rangi ya kiatu nilikuwa nimeshanuna. Ndiyo, nilinuna, mtu mzima na mvi zangu. Mjukuu akadhani nimekasirikia bei.

"Bibi, mnataka raba zipi?" kijana akaniuliza. "Za mazoezi, za kutokea, au za mpira?"

Enzi zetu swali hilo lisingekuwapo. Raba ilikuwa raba: kitambaa juu, mpira chini, kamba katikati. Kiatu cha ngozi kiliitwa kiatu, na hicho kilikuwa cha mwalimu na mabwana wa wilayani. Kandambili zilikuwa za kuogea na za kwendea msikitini. Katambuga, zile zilizokatwa kwenye tairi la gari, zilikuwa za baba na za shamba. Sisi watoto tulikuwa na nyayo zetu. Lakini ukisema "fulani ana raba", ulikuwa umesema mengi kwa mara moja: kwamba ana ndugu mjini, kwamba ameshapanda basi, na kwamba kwenye mchakamchaka wa asubuhi yeye haogopi mbigili.

Kwa hiyo mtanielewa nikiwaambia hali yangu ilivyokuwa mdogo wangu Saumu alipopata raba.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, na mashamba yetu ya zamani yamebaki kule porini. Shangazi Hidaya, dada yake baba, alikuwa ameolewa Korogwe, upande wa Kwamndolwa, na fundi wa mashine za mkonge. Hakujaliwa mtoto. Siku moja baba alirudi kutoka kwake, akala, akanawa mikono, ndipo akasema kwamba dada yake hawezi kukaa kwenye nyumba tupu wakati yeye ana watoto wanaolala wamebanana. Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Mtoto wa kaka yako ni wako, unamwomba na unapewa. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Aliendelea kupepeta hata pale ambapo kwenye ungo hapakuwa na pumba tena.

Siku chache baadaye jirani mmoja alikuwa na safari ya Korogwe, na Shangazi alikuwa ameahidi raba kwa mtoto atakayekwenda kwake. Mama akachukua uzi wa katani, akamwita Saumu, akaulaza chini ya unyayo wake kutoka kisigino mpaka kidole gumba, akapiga fundo. Ndivyo tulivyoagiza viatu wakati ule, mguu unabaki kijijini na kipimo kinapanda basi. Mimi nikaufuta vumbi mguu wangu, nikaunyoosha mbele.

"Wewe hapana, Zaina," mama akasema. "Wewe ukienda, nani atanishikia mtoto?"

Nilikuwa mkubwa kwa Saumu. Ni mimi niliyechota maji, ni mimi niliyembeba mdogo wetu mgongoni mpaka gauni langu likawa linanuka mkojo kutwa. Na malipo yake ndiyo hayo? Shangazi alipokuja na raba zenyewe, nyeupe pee, kazibana kwapani, niliziangalia kwa pembeni ili asije mtu akajua nazitaka. Saumu akavalishwa, akaondoka. Mama aliniona nalia, akaniambia nisilie, mwenzangu atarudi kututembelea. Masikini mama. Mimi nilikuwa nazililia raba.

Sikukuu ya Idi Shangazi akamleta kutusalimia. Alikuwa amesukwa vizuri, ana gauni la maua, na miguuni ndizo zile zile. Watoto wa kijiji walimzunguka. Alitueleza kwamba Korogwe raba zikichafuka zinapakwa chaki, halafu zinaanikwa juani. Niliomba moyoni zikatike kamba, zote mbili, hapo hapo mbele za watu. Hazikukatika.

Kesho yake, nyuma ya jiko, Saumu akaniita pembeni.

"Dada, ukizitaka vaa. Zikae kwako."

"Kweli?"

"Kweli. Ila kazi zako zote nipe mimi."

Nikaona mji umemharibu akili. Mtu anaacha raba anachukua mchi? Anachukua mtoto anayekukojolea mgongoni? Nilikubali kabla hajabadili mawazo, na nikavaa hapo hapo. Zilikuwa ndogo. Vidole vilijikunja humo ndani, lakini nilitembea, jamani, nilitembea mstari wa nyumba kutoka mwanzo hadi mwisho, nikawaamkia wazee wote, hata wale ambao siku nyingine nilikuwa nawakwepa.

Jioni ile raba zilikuwa za rangi ya udongo. Chaki sikuwa nayo, na shule ilikuwa imefungwa. Nikachota unga wa muhogo, nikaukoroga na maji, nikapaka, nikaziegemeza ukutani. Asubuhi jua lilipotoka kidogo zikawa nyeupe kuliko mwanzo. Nikavaa, nikatoka nje kwa maringo, na kuku wa kijiji kizima wakapata habari. Walinifuata wakidonoa, jogoo la mwenyekiti likitangulia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilipiga teke huku na huku, nikaendelea na matembezi yangu.

Saumu wakati wote huo alikuwa jikoni. Mtoto mgongoni, kanga kaifunga kifuani, macho mekundu kwa moshi. Alikaa karibu na mama kiasi kwamba mama alimwambia, "Sogea, utaungua." Alisogea kidogo tu. Akimaliza kazi moja alikuwa anasema, "Mama, nipe nyingine."

Siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya kuondoka. Shangazi alitoka na kikapu chake, akamuaga mama.

"Haya wifi, sisi twende, tusije tukaachwa na basi. Saumu, raba zako ziko wapi? Vaa, mwanangu."

Saumu alikuwa amesimama peku mlangoni mwa jiko, mtoto yuko mgongoni bado.

"Raba anazo dada," akasema. "Mwenye raba ndiye anayekwenda."

Majirani waliokuja kuaga wakaangua kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikaruka mbele.

"Niko tayari, Shangazi! Twende!"

Kicheko kikazidi. Mama peke yake hakucheka. Alimfungua mtoto mgongoni mwa Saumu, akamweka chini, kisha akachuchumaa akanivua raba moja baada ya nyingine. Nilipiga kelele. Saumu naye alikuwa analia, kimya kimya, kamasi zinamtoka. "Watoto hawa na raba!" mtu akasema. Mama akamvalisha Saumu. Alifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena. Akaona hazijakaa sawa, akaanza upya.

"Wifi, basi hilo linasikika," Shangazi akasema kwa upole.

Miaka mingi nilizionea wivu zile kamba kuliko raba zenyewe, maana mimi mama hakuwahi kunishughulikia kwa muda mrefu namna ile. Saumu amekulia Korogwe na kuzeekea huko. Tunatembeleana, na asubuhi ile hatuizungumzii. Nilikuja kuielewa siku binti yangu wa kwanza alipoolewa mbali, nikajikuta natafuta cha kumrekebisha, mtandio, kifungo, chochote, ili gari lisubiri kidogo. Hapo nikamkumbuka mama amechuchumaa vumbini. Mtoto wake mmoja alikuwa anamwomba abaki, na hakuwa na uwezo wa kumbakiza. Na yule mwingine, ambaye mama mwenyewe alikataa asichukuliwe, alikuwa amesimama mbele yake akipiga kelele kwamba yuko tayari kuondoka.