Niliona Picha za Shemeji Yangu Mtandaoni, na Jumapili Hii Ndoa Inatangazwa Mara ya Tatu

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana huku Kintinku, Singida, tunajuana wote na nikijulikana duka nafunga kesho yake. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nina mtoto mmoja, niliachika. Nina steshenari ndogo. Napiga kopi, naskani, nawafungulia watu barua pepe za kuombea ajira na mikopo ya chuo.

Huku kwetu cheti kikiwakwepa mchwa, mvua inakikuta. Ndiyo maana nikaanza kuwawekea watu vyeti vyao mtandaoni. Wazee walikuwa na wasiwasi. Mmoja aliniuliza, "Mwanangu, kitu kikikaa huko, hakuna mtu atakayekifungua?" Nikamjibu, "Babu, bila neno la siri hakuna anayeweza kuona." Na neno lake la siri nililiandika mimi mwenyewe kwenye kaunta buku langu, pamoja na ya wengine wote, kwa sababu wanasahau. Watu waliniamini. Sasa niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: siku ambazo wateja ni wachache, nilikuwa nafungua na kuangalia. Picha za watu, barua zao, hata majibu yao ya hospitali. Sikutangaza nilichokiona, lakini niliangalia. Mungu anisamehe.

Mdogo wangu, nimwite Neema, ana miaka 24. Mwaka jana alipata mchumba, kijana wa kampuni inayochimba visima, nimwite Daudi. Mpole, kanisani hakosi, na mama yetu akimuona tu anasahau na presha yake. Kabla hajamjua Neema alikuwa mteja wangu, mimi ndiye niliyemfungulia akaunti na kumwekea vyeti. Mahari tumepokea, ndugu wameshaambiwa.

Mwezi uliopita Daudi alinipigia akiwa saiti. "Shemeji, naomba uingie kule unitumie cheti changu cha fomu foo, ofisi wanakitaka leo leo." Nikaingia, nikakiona, nikakituma. Hapo ndipo nilipaswa kufunga. Sikufunga. Simu yake ilikuwa inapeleka picha zote kule yenyewe, nadhani hata hakuwa anajua. Nikamwona Daudi amevaa suti na ua kifuani, pembeni yake bibi harusi. Nikasema labda alisimamia harusi ya rafiki. Nikashuka chini kwenye picha nyingine. Cheti cha ndoa, jina lake. Watoto wawili. Halafu kadi ya kliniki ya mtoto wa miezi mitano, jina la baba ni lake, na namba ya simu ya mama imeandikwa kwa peni.

Nikakaa sakafuni nyuma ya mashine ya kopi. Nikajipa moyo kwamba labda waliachana, mbona hata mimi niliachika. Nikapiga ile namba. Akapokea mwanamke, mtoto analia karibu.

"Samahani dada, namuulizia Daudi."

"Baba Esta yuko Singida kazini, atarudi mwisho wa mwezi. Nani mwenzangu?"

Sauti yake haikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nikakata.

Kosa langu lililofuata ni kumpigia Daudi kabla sijahifadhi hata picha moja. Nilipomwambia nilichokiona, akaongea taratibu kabisa. "Shemeji, mimi nilikutuma cheti kimoja. Hayo mengine nani alikuruhusu? Haya, sema. Na mimi nitasimama mnadani niwaambie watu unavyochungulia vitu vyao. Tuone nani atakuletea tena karatasi yake." Nilipojaribu kuingia tena, neno la siri alikuwa ameshabadilisha.

Nilimfuata Neema, alikuwa anapiga pasi sare za kwaya. Kwa woga nikamwambia nimesikia kwamba Daudi ana mke.

"Umesikia kwa nani?"

Nikainamia sare alizokwisha kunyoosha. Akaweka pasi chini, macho yamejaa machozi. "Dada, ndoa yako ilipovunjika nililia na wewe. Yangu inakuuma nini?" Tangu siku hiyo salamu yake ni ya nusu mdomo, na mama ananiuliza kila siku nimemfanya nini mwenzangu.

Namba ya yule mwanamke bado ninayo. Nikimpa Neema apige, ataniuliza nimeitoa wapi, na jibu likishatoka limetoka. Hili duka ndilo linalomlisha mama na mwanangu. Na huyo mke wa Daudi ana mtoto anayenyonya, nikimwambia sijui nitakuwa nimemsaidia au nimemuua.

Kanisani wameshatangaza ndoa mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa katikati ya mama na Neema. Mchungaji aliposoma, "Mwenye kujua kizuizi chochote na aseme," nilishika benchi kwa mikono miwili. Mara ya pili Daudi alikaa upande wa wanaume, akageuka, akaniangalia mpaka mchungaji alipomaliza. Nikainamisha kichwa. Nilipotoka nje nilitapika nyuma ya kanisa, mama akadhani ni malaria.

Usingizi sina. Kaunta buku nimelichoma jikoni, ukurasa mmoja mmoja, lakini nilichokiona siwezi kukichoma. Leo asubuhi mteja ameniletea vyeti vya marehemu mume wake nimwekee mtandaoni. Nimemwambia mtandao unasumbua.

Ndugu zangu, nitukaneni, nastahili, lakini mkimaliza mnishauri. Nianzie wapi: kwa Neema, kwa mchungaji, au kwa yule mama mwenye mtoto? Tangazo la tatu ni Jumapili hii, na leo ni Alhamisi.