Kilio cha Kufundishwa

Mwalimu wa kusoma kwa sauti alikuwa na mate mengi. Ukikaa mstari wa mbele, unaoga. Mama Vifungo, fundi cherehani, alikaa hapohapo kila Jumamosi katika ukumbi wa maktaba, akajipangusa uso na kuvumilia, maana tangu alipokatishwa shule alitamani jambo moja tu: asimame mbele ya watu asome hadithi, nao wanyamaze wamsikilize.

Basi wakagawiwa hadithi za onyesho. Yeye akaangukiwa na ya mama aliyefiwa na mtoto. Darasani hakuna aliyejua kwamba yeye mwenyewe alishamzika binti yake mdogo. Akaisoma kama alivyoyajua mambo yenyewe: taratibu, sauti kavu, akitua kidogo pale mama yule anapokunja nguo za marehemu.

"Hapana, hapana!" Mwalimu akapiga meza. "Mama, umekauka kama mkate wa juzi! Mtu aliyefiwa na mtoto hawi hivyo. Uchungu uko wapi? Nitazame mimi."

Akashika kifua, akapepesuka, akaangua kilio kilichoanzia puani na kuishia juu ya meza. Kisha akakikata ghafla, kama mtu anayefunga bomba, akanywa maji. "Umeona? Hapo ndipo watu wanapotoa leso."

Mama Vifungo alitamani kumwambia, unikome. Lakini mwanafunzi mwenzake, dada wa mapokezi ya zahanati, alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi kulia naweza. Nipe mimi hiyo."

Na Mwalimu, bila haya, akawa keshaanza kumpelekea karatasi.

"Nitalia," Mama Vifungo akasema upesi.

Akajifunza. Akatia alama za penseli: hapa tetemeka, hapa vunja sauti. Akajifungia bafuni na kupiga mayowe mpaka jirani akagonga ukuta. Mumewe, mtu mpole asiye na maswali, alijua tu kuna onyesho, akajipigia pasi shati lake jeupe.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Mama Vifungo akalia, akalia haswa. Watu wakatoa leso, wakasimama, wakapiga makofi, na Mwalimu akamkumbatia na kumlowesha shavu. Alijionea kinyaa mpaka mate yakamjaa mdomoni, na bado akainama mara ya pili, kwa sababu makofi yale yalikuwa matamu.

Alimkuta mumewe nje, amekaa kwenye ngazi.

"Siku tuliyomzika," mumewe akasema, "uliniambia machozi hayaji. Nikalia peke yangu."

"Hayakuja, mume wangu. Kweli hayakuja."

Akataka kumwomba radhi, lakini sauti ikatetemeka, ikavunjika, machozi yakamwagika mpaka kidevuni. Safari hii hakuyaita.

Mumewe akainuka, akakung'uta suruali yake.

"Nyamaza, mama," akamwambia. "Watu wameshaondoka."