Muziki wa Chini ya Maneno

Mimi hutunga muziki ambao ukiusikia sana, basi nimeharibu kazi. Najua hilo linasikika kama mzaha, lakini ndiyo riziki yangu, na niseme mapema kwamba naionea fahari kuliko inavyompasa mtu aliyelelewa katika kanisa letu. Ukitazama filamu kuhusu tembo, au tangazo la sabuni, au kipindi ambapo mtu anaeleza namna ya kupaka nyumba rangi, kuna muziki unaotembea chini ya maneno yake. Mara nyingi muziki huo haukutungwa kwa ajili ya kipindi hicho. Ulitungwa na mtu kama mimi, katika chumba cha kupanga pale Munyaka, mtaa mmoja wa Eldoret, kuku wa jirani wakigombana nje ya dirisha, kisha ukatumwa kwenye maktaba ya muziki. Hiyo ni ghala la mtandaoni ambako watengenezaji wa vipindi huenda kuchagua muziki ulio tayari, jinsi mtu anavyochagua kitambaa dukani. Wakiupenda wanaulipia na kuutumia. Jina la mtunzi halitangazwi.

Hapo kwenye jina ndipo mamangu na mimi tulipokosana.

Mama ana agroveti huko Burnt Forest. Anauza mbolea, mbegu na dawa ya kupe, na anatoa ushauri ambao haulipiwi wala haukwepeki. Duka hilo lilichomwa wakati wa vurugu za uchaguzi, nikiwa msichana wa shule, naye akarudi akalijenga palepale, akayapigilia tena mabati yaliyokuwa bado na weusi wa moto. Watu walimshauri ahamie kwingine. Akawauliza kama huko kwingine viazi vinaota bila mbolea. Kwa hiyo aliponiambia kwamba magoti yamemchosha, nijiandae kulishika duka, hakuwa ananitafutia kibarua. Alikuwa ananipa kitu alichokipigania, na mimi nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana nilishindwa kumkatalia waziwazi.

"Hiyo muziki yako, ni nani anaimba?" aliniuliza.

"Hakuna mtu anaimba, Mama."

"Na wakiicheza wanasema ni ya nani?"

"Hawasemi."

"Sasa mtu atajuaje uko?"

Kwake, mwanamuziki ni mtu anayesikika redioni, mtangazaji akilitaja jina lake vibaya na jirani akipiga simu kuuliza kama ni yule binti wako. Debe tupu ndilo huvuma, nilitaka kumwambia, lakini mamangu humwambii methali. Yeye ndiye mwenye methali. Tukapatana hivi: nikimwonyesha, kabla ya mvua ya kupanda, kwamba kuna mtu mahali fulani ameuchukua muziki wangu akautumia, ataandika mtu mwingine dukani. Nisipoweza, nitauza kinanda na kwenda Burnt Forest, na hakuna kununa. Nilikubali haraka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa tangu vidole vyangu vilipoweza kufika kwenye kinanda cha kanisa.

Kanisa lenyewe liko mtaa wa Huruma, hapo hapo Eldoret, na mtu yeyote aliyewahi kupita nje yake Jumapili anajua kwamba pale kimya ni kama dhambi. Kwaya ikivuta pumzi, kinanda kinaingia. Kinanda kikipumzika, gitaa linakimbia. Gitaa likinyamaza, kuna mama mmoja na kayamba lake ambaye hangoji kualikwa. Mimi nilijifunza muziki hapo, kwa hiyo kazi nilizotuma maktaba zilikuwa zimejaa kama gunia la viazi lililoshonewa nyongeza. Zilirudi zote. Mhariri wa maktaba, mtu wa ng'ambo ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso, alikuwa mpole, lakini kila mara aliandika jambo lilelile: muziki ni mzuri, ila mtu ataongea wapi?

Nilikasirika. Nilizunguka chumbani nikimjibu kwa sauti, mpaka jirani akaniuliza kama nina mgeni. Kisha nikafikiri kwamba labda anataka kusikia Afrika, nikaongeza ngoma. Nikaongeza na filimbi. Akaniandikia kwamba sasa, muziki huu ukicheza, hata yeye hawezi kufikiri. Nilimwona mjinga asiye na masikio. Huku Mama akiniuliza kwa simu kama ng'ambo wameninyamazia, mimi nikimdanganya kwamba wanafikiria.

Kisha ikafika Jumapili moja ambapo mpiga kinanda wa kanisa jingine alialikwa kupiga kwetu, nami nikakaa kwenye benchi na waumini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Jamaa alikuwa na vidole vyepesi kunishinda, nalisema hilo kwa uchungu. Lakini wakati wa maombi ulipofika mambo yakaharibika. Kwetu mchungaji akianza kuomba, kinanda hakinyamazi. Kinakaa chini yake na kumshikilia, ili sala isibaki imening'inia hewani. Mgeni wetu hakumshikilia mtu. Aliendelea kumwaga uzuri wake wote, kupanda na kushuka, na mchungaji akawa anatafuta pa kuingilia kama mtu anayejaribu kuvuka barabara siku ya soko. Mwishowe akafumbua macho.

"Ndugu yangu," akasema, "nipishe kidogo nipite."

Kanisa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Kile nilichokuwa nikiombwa na yule mhariri nilikuwa nakifanya kila Jumapili bila hata kukiita muziki. Nilizijua pumzi za mchungaji yule. Nilijua anavyovuta hewa kabla ya kuwataja wagonjwa, na hapo hapo mkono wangu wa kulia ulikuwa unaondoka wenyewe. Nilijua kwamba akipanda nisipande naye, nimngoje aseme amina ndipo nibadilishe. Nilidhani muziki wangu ni ule wa kabla na baada ya maombi. Hayo ya katikati niliyaona utumishi tu, kama kufagia kanisa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa mekoni. Kitu nilichohitaji kilikuwa sauti ya mtu anayeongea, nipige chini yake. Na ndani ya simu yangu sauti zilikuwa tele, zote za mtu mmoja. Mamangu haandiki ujumbe, anarekodi. Anarekodi huku akihudumia wateja, kwa hiyo ukisikiliza unapata lawama yako na ya watu wengine: "Sasa wewe msichana, mbegu imefika na mimi siwezi kuinama... hapana, Mzee, hiyo ni ya ng'ombe, si ya mbuzi... nilikuwa nasema, siwezi kuinama, na wewe uko huko Eldoret na hiyo kinanda..."

Nikaiweka sauti hiyo kwenye kompyuta nikaanza kupiga. Sijui kama kuna mtu anayeongea kama mamangu. Anaanza chini, anapanda polepole, anafika juu kabisa, kisha ananyamaza ili lawama ikuingie vizuri. Halafu anashuka kwa upole, na upole huo ndio unaokumaliza. Alipokuwa akiongea nilishika sauti chache za chini, nikakaa kando. Aliponyamaza niliachilia uzi mmoja wa muziki, mwembamba, kisha nikamrudishia nafasi. Kuna mahali alisema, "Mimi sikulazimishi, lakini nimechoka," nami nikaendelea kupiga machozi yakinitoka, kwa kuwa ukisimama kulia unapoteza mwendo.

Nilipomaliza nilifuta sauti yake, nikasikiliza kilichobaki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimetunga kitu chenye mlango. Ungeweza kuingia ukakaa ndani yake. Niliutuma nikiwa na hakika, na safari hii haikuwa hakika ya mtu anayesifiwa na shangazi zake. Mhariri alijibu kwa neno moja la furaha na kuuliza kama ninao mwingine. Ninao! Mama alikuwa bado anarekodi.

Lakini kupokewa na maktaba siyo kutumiwa. Muziki unaweza kukaa ghalani humo mpaka uote kuvu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Burnt Forest, malori ya mbolea yakaanza kupita, na Mama akaacha kuniuliza habari, jambo lililonitisha kuliko maswali. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kununua kinanda changu pale mhariri aliponitumia filamu. Muziki wangu ulikuwa umechukuliwa. Filamu yenyewe ilihusu bibi mmoja katika nchi ya barafu anayechunga kondoo peke yake.

Nilienda nayo dukani asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa anampimia mbegu mzee mmoja wa viazi, mteja wake tangu zamani. Niliisimamisha simu juu ya kaunta, nikaiegemeza kwenye kopo la dawa ya kupe, tukatazama wote watatu. Bibi alikuwa akimvuta kondoo kutoka kwenye theluji, na sauti ya mwanamume ikieleza maisha yake kwa Kiingereza.

"Yako ni gani?" Mama akauliza.

"Iko chini ya maneno. Sikiliza chini."

Akainamisha sikio. Filamu ilipofika mwisho alikuwa anajifuta macho kwa kona ya leso. "Huyo mama anateseka na baridi," akasema, kana kwamba kuna mtu alimuuliza.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kwamba niliutunga muziki huo chini ya sauti yake, zile jumbe zake za kunigombeza. Mzee wa viazi akaweka mfuko wake chini.

"Ulinirekodi?"

"Ulijirekodi mwenyewe, Mama."

"Na mbona sijiskii? Niko wapi hapo?"

"Sauti nilitoa. Nafasi yako ndio niliacha. Huyo mwanaume anaongea kwa nafasi yako."

Mama akaniambia niirudishe mwanzo. Safari hii hakutazama picha. Alifumba macho, mikono juu ya kaunta, na nikaona kichwa chake kikiifuata ile sauti ya mgeni ilivyopanda, ikafika juu, ikakatika. Hapo akatikisa kichwa kukubali.

"Hapa nilikuwa nakuambia nini?"

"Kwamba hunilazimishi."

Mama aliacha muziki ukaisha wote. Halafu akamgeukia mteja wake.

"Mzee, si uliniambia ndugu yako ako na msichana anatafuta kazi?"

"Ndiyo, mama. Lakini si ulisema ni huyu wako anakuja?"

"Hapana," Mama akasema, akivuta mzani karibu. "Huyu ako na kazi."