Kuinama Mbele ya Simu

Duka la baba pale Mfaranyaki lilinukia mafuta ya taa na sabuni ya mche, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia naisikia sauti ya mwalimu wetu akituhesabisha kwa Kijapani. Alikuwa dada wa Kijapani aliyekuja Songea kujitolea kufundisha sayansi, na jioni alitufundisha lugha yake wachache tuliotaka. Shule zilipofungwa ghafla kwa sababu ya korona akarudi kwao, lakini hakututupa. Kila Jumamosi alipiga simu ya video kwa baba, na mimi na rafiki yangu Skola, aliyekuwa akiishi jirani kwa shangazi yake, tulijibanza nyuma ya magunia ya sukari kumsubiri.

Alikuwa ametufundisha kwamba kwao watu husalimiana kwa kuinama. Hilo halikutupa shida, maana kwetu mtoto hamwamkii mkubwa akiwa amekaza shingo. Basi uso wake ulipotokea tuliinama, tukabaki hivyo hivyo tukisubiri aitikie. Baba, aliyekuwa akipima mchele, alicheka hadi akaweka kopo chini.

"Nyie watoto, mnamwonyesha mwalimu visogo! Kapiga simu aangalie misuko?"

Mwalimu naye akacheka, akatuomba tusiiache salamu hiyo.

Skola ndiye aliyekuwa na ulimi wa lugha ile. Mimi nilikariri, yeye aliongea. Maharage yalipokomaa, wazazi wake wakamwita Mpitimbi akasaidie kuvuna, na huko simu ya nyumbani ilikuwa kitochi, haina picha.

"Skola yuko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Yuko shambani, Sensei," nilijibu, nikimwita mwalimu kwa Kijapani.

"Mwambie ninamsubiri."

Alisubiri kweli, kisha akaendelea na somo. Muda wote ukawa wangu, maswali yangu, sifa zangu. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayonisuta hadi leo, kwa sababu wakati ule ule mwenzangu alikuwa ameinamia maharage. Shule zilipofunguliwa shangazi yake alikuwa amehama mji, na Skola hakurudi tena.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa Kijapani. Wanafunzi wangu, wengine wako mbali kama Madaba, wananitazama kwenye simu zao. Nawatumia sauti na video, asiyeelewa arudie taratibu mpaka aelewe. Nyuso zikijipanga kiooni, kwanza namtafuta asiyekuwepo.

Skola bado yuko Mpitimbi, ana mtoto mgongoni na kitochi mkononi. Ijumaa jioni nampigia, namfundisha kwa sauti tupu. Siku ya kwanza nilianza kumwomba radhi kwa kuchelewa hivi, akanikatiza.

"Sensei, acha maneno mengi, ugali wangu unaungua. Tuanze."

Aliniita Sensei bila kinyongo, nami nikahisi nimevaa nguo yake.

Kila tunapoanza, sauti yake husogea mbali kidogo na simu, kisha hurudi. Mwanzoni nilidhani ni mtandao. Siku hizi namsubiri, nami nikiwa nimeinama.