Mwaloni wa Babu, Divai ya Mama

Harufu ya mbao za mwaloni zikibanikwa juu ya mkaa haifanani na ya kuni yoyote ya kwetu Makwale. Ina utamu wa sukari inayoanza kuungua, na mpaka leo hunitia njaa. Mbao hizo zilikuwa za babu mzaa baba, seremala aliyepewa na wamisheni pipa bovu la divai akalitunza darini kama mali. Mama naye alikuwa bingwa wa divai nyekundu ya rozela, na dada yangu alipochumbiwa, mama alitaka divai ya harusi iwe na ile ladha ya pipa ambayo babu hakuchoka kuisifia. Shida ni kwamba wawili hao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto humkwepa baba mkwe. Babu akikohoa njiani, mama anajitoma migombani. Pamoja na Ukristo wake wote, babu mila hiyo hakuiacha. Maneno yao yote yalipitia kwangu.

Babu alinipa nusu ya mbao za pipa zilizobaki, akaagiza zipasuliwe vipande, vibanikwe mpaka viive, kisha vitiwe kwenye ndoo ya divai. Viive kiasi gani? Mama hangeweza kwenda kutazama, na mimi akili yangu ilikuwa kwenye mchezo wa rede. Mama akavichoma vikawa mkaa. Divai ikanuka masizi, akaimwaga kwenye shina la mgomba huku akilia waziwazi. Ilibaki ndoo moja tu ya divai, na aliogopa mkwewe atamwona mzembe mbele ya wageni.

Nilipopeleka habari nilitegemea babu afoke. Badala yake alihamisha jiko lake upande unakotoka upepo wa ziwani. "Mwambie mama yako akae nyuma ya jiko lake," alisema. "Asije. Anuse tu." Akabanika kipande kimoja, akikigeuza taratibu, na harufu ikavuka migomba mpaka kwa mama. Ulipofika ule utamu mama akapaza sauti, "Hapo! Usizidishe!" akijifanya anazungumza na mimi. Vipande vingine babu akanipa vibichi nimpelekee, avibanike mwenyewe. Nilimpenda sana babu siku ile.

Siku ya harusi babu alikunywa, akaomba tena, kisha akageukia ukuta wa jikoni na kushukuru kwa nguvu, "Ndaga, mwanangu." Hakunituma mimi. Mama, huko ndani, alijifuta uso kwa kanga.

Siku hizi nimeolewa Mbugani. Baba mkwe wangu hupokea glasi mkononi mwangu na kuniambia usoni kwamba nimezidisha sukari. Tunabishana, tunacheka, wala sitamani ya zamani. Ila namkumbuka mama jioni ya harusi ile, akinivuta pembeni: "Alipoionja, alikunja uso au alicheka?" Nikamwambia alicheka. Waliishi uwanja mmoja mpaka babu akafariki, na kicheko chake mama hakuwahi kukiona.